Mtumishi wa Kweli na Mtumishi wa Bandia: Tabaka, Usemi na Kicheko katika Filamu ya Spring in Park Lane (1948)

Ikisiri

Makala hii inachunguza Spring in Park Lane, filamu ya Kiingereza ya futuhi, mapenzi na muziki iliyotolewa mwaka 1948 chini ya uongozaji wa Herbert Wilcox. Filamu hiyo ilitazamwa na mamilioni ya watu waliokuwa wakiishi kwa mgawo wa chakula na kuponi za nguo, ilhali yenyewe ilisawiri jumba la kifahari lenye watumishi waliovaa sare. Makala inadai kwamba mafanikio yake hayaelezwi kikamilifu na hoja ya kawaida kwamba watu walitaka kusahau shida zao. Ikilinganishwa na filamu iliyotangulia ya mwongozaji huyohuyo, The Courtneys of Curzon Street (1947), inabainika kuwa Spring in Park Lane ilichukua swali zito la ndoa kati ya matabaka, ikalifanya la mchezo kwa kumweka mtumishi wa bandia mahali pa mtumishi wa kweli. Nyenzo kuu ya mchezo huo ni usemi: mhusika anaweza kubadili mavazi na kazi, lakini lugha yake haimfichi.

1.0 Utangulizi

Kisa cha mtu wa daraja la juu anayejifanya mtu duni ni kikongwe katika fasihi za ulimwengu. Wasomaji wa Alfu Lela Ulela wanamfahamu Harun Rashid anayetembea katika vichochoro vya Baghdad usiku akiwa katika mavazi ya mfanyabiashara. Katika visa vya aina hii, msomaji au mtazamaji anajua jambo ambalo wahusika wengine hawalijui, na kinaya hicho ndicho chanzo cha raha. Hata hivyo, maana ya kisa hubadilika kulingana na wakati kinaposimuliwa. Mfalme anayejigeuza katika jamii isiyotilia shaka ufalme wake hatoi ujumbe sawa na ule wa mwana wa mwinyi anayevaa sare ya mtumishi katika nchi ambayo imetoka kuipigia kura serikali iliyoahidi kupunguza pengo kati ya matajiri na maskini.

Hali hiyo ya pili ndiyo iliyokuwapo Uingereza mwaka 1948. Filamu iliyovuma kuliko nyingine zote za Kiingereza mwaka huo haikuhusu vita, wala ujenzi mpya wa taifa, wala maisha ya wafanyakazi. Ilimhusu mhudumu wa nyumbani katika jumba la Park Lane, ambaye kwa kweli ni ndugu wa mwinyi. Taasisi ya Filamu ya Uingereza, katika orodha iliyotolewa mwaka 2004, ilikadiria kwamba Spring in Park Lane iliuza tiketi milioni 20.5 nchini humo, na kuiweka katika nafasi ya tano miongoni mwa filamu zote zilizowahi kuonyeshwa huko. Kwa makadirio hayo, hakuna filamu nyingine ya Kiingereza iliyoifikia. Licha ya hayo, wahakiki wameiandikia kidogo kuliko filamu nyingine za mwaka uleule kama vile The Red Shoes na Hamlet. Makala hii inaitazama kama matini ya kihistoria, na kuuliza ni jambo gani hasa lililowachekesha watazamaji wake.

2.0 Uingereza ya Mgawo na Njaa ya Filamu

Vita vilipokwisha mwaka 1945, ushindi haukuleta shibe. Chama cha Leba, kikiongozwa na Clement Attlee, kilishinda uchaguzi wa Julai 1945 kwa wingi mkubwa wa viti, lakini kilirithi hazina tupu. Mkopo wa dola bilioni 3.75 kutoka Marekani ulipatikana kwa masharti magumu. Mkate, ambao haukuwa na mgawo wakati wote wa vita, uliwekewa mgawo kuanzia Julai 1946 hadi Julai 1948. Nguo zilinunuliwa kwa kuponi kuanzia Juni 1941 hadi Machi 1949, na mgawo wa chakula haukuondolewa kabisa hadi Julai 1954. Majira ya baridi ya mwanzoni mwa 1947 yalileta theluji nzito na uhaba wa makaa ya mawe, viwanda vikafungwa na nyumba zikakosa umeme kwa saa nyingi za mchana.

Katika hali hiyo, jumba la sinema lilikuwa mojawapo ya sehemu chache ambapo mtu wa kipato kidogo angeweza kupata joto, mwanga na burudani kwa pamoja. Mwaka 1946 tiketi zilizouzwa Uingereza zilifikia takriban bilioni 1.6, kiwango ambacho hakijafikiwa tena. Hata hivyo, filamu nyingi zilizoonyeshwa zilitoka Hollywood, na kila filamu ya Hollywood ilimaanisha dola zinazoondoka nchini. Agosti 1947 serikali ilitoza filamu za kigeni ushuru wa asilimia 75. Makampuni ya Marekani yalijibu kwa kuacha kupeleka filamu mpya Uingereza, na mgomo huo ulidumu hadi makubaliano ya Machi 1948. Kwa hiyo Spring in Park Lane, iliyotolewa majira ya kuchipua ya mwaka huo, ilikuta majumba ya sinema yenye njaa ya filamu mpya.

Hoja ya nafasi iliyoachwa wazi haitoshi peke yake. Mwaka 1946 kampuni ya Rank ilikuwa imetumia fedha nyingi kutengeneza London Town, filamu ya muziki yenye rangi iliyoongozwa na Mmarekani, Wesley Ruggles, na kumshirikisha mchekeshaji mashuhuri wa jukwaani, Sid Field. Filamu hiyo iliporomoka vibaya. Rangi, nyimbo na gharama havikuwavuta watazamaji. Spring in Park Lane, kwa upande wake, ilikuwa ya rangi nyeusi na nyeupe, na masimulizi yake yalijengwa zaidi juu ya maneno kuliko juu ya nyimbo. Tofauti hiyo inamlazimu mhakiki kulitafuta jibu ndani ya kisa chenyewe.

3.0 Kutoka Curzon Street hadi Park Lane

Herbert Wilcox na mkewe, mwigizaji Anna Neagle, walikuwa wametengeneza mfululizo wa filamu zilizobeba majina ya mitaa ya kifahari ya London. I Live in Grosvenor Square (1945) na Piccadilly Incident (1946) zilikuwa hadithi za mapenzi wakati wa vita, na zote mbili zina majonzi. Katika Piccadilly Incident ndipo Neagle alipooanishwa kwa mara ya kwanza na Michael Wilding, na watazamaji wakawapenda. Neagle mwenyewe hakuzaliwa katika tabaka alilokuwa akiliigiza. Alikuwa binti wa nahodha wa meli za biashara, jina lake la kuzaliwa ni Marjorie Robertson, na alianza kazi kama mcheza dansi katika safu ya nyuma ya jukwaa. Kufikia mwisho wa miaka ya 1930 alikuwa amemwigiza Malkia Victoria katika filamu mbili.

Filamu muhimu zaidi kwa hoja ya makala hii ni The Courtneys of Curzon Street ya mwaka 1947. Humo Neagle anaigiza Kate O'Halloran, mtumishi wa nyumbani kutoka Ireland, ambaye mwana wa nyumba anampenda na kumwoa mwanzoni mwa karne ya 20. Ndoa hiyo inagharimu. Jamii ya wakubwa inamdharau bibi harusi, masengenyo yanamfuata, na hatimaye anamwacha mumewe ili asiwe kikwazo kwake. Maridhiano yanapatikana baada ya miaka mingi na baada ya vita vikuu kuwapitia. Filamu inakiri waziwazi kwamba mpaka kati ya sebule na jikoni ni wa kweli, na kwamba anayeuvuka huumia.

Mwaka mmoja baadaye, wasanii walewale walirudi kwenye nyumba ileile, kwa maana ya kitamathali, wakiwa na mtumishi wa aina nyingine. Mwandishi Nicholas Phipps aliitumia hadithi ya Mmarekani Alice Duer Miller, Come Out of the Kitchen!, ya mwaka 1916. Katika hadithi ya Miller, familia ya kikabaila ya kusini mwa Marekani iliyofilisika inalikodisha jumba lake, na vijana wa familia hiyo wanajifanya watumishi wa mpangaji wao, ambaye anampenda mpishi. Phipps aliihamishia hadithi London na kugeuza jinsia: anayejificha sasa ni mwanamume, na anayependa huku akishuku ni mwanamke.

Muhtasari wa kisa ni huu. Richard, ndugu mdogo wa mwinyi wa Borechester, ametumwa kuuza picha za thamani za ukoo ili kuuokoa na ufukara. Anarudi akiamini kwamba hundi aliyopewa haina thamani. Kwa aibu, hamwambii kaka yake. Anatafuta kazi ya uhudumu katika jumba la Joshua Howard, mkusanyaji wa kazi za sanaa, ili apate nauli ya kurudi New York. Judy, mpwa wa Howard ambaye pia ni katibu wake, anaanza kumshuku, na kisha kumpenda. Wanapotambua kwamba wanapendana, inabainika kuwa hundi ilikuwa halali tangu mwanzo.

Wahenga walisema, muungwana akivuliwa nguo huchutama. Richard, akivuliwa mali, anajisitiri kwa sare ya mtumishi. Hapa ndipo tofauti na filamu ya 1947 inapodhihirika. Kate alikuwa mtumishi kwa hali na kipato. Kuolewa kwake kulibadili nafasi yake na kuwatikisa waliomzunguka. Richard ni mtumishi kwa muda tu. Mapenzi yake na Judy yanaonekana kuvuka mpaka, lakini mpaka wenyewe haukuwapo. Mtazamaji anapewa msisimko wa uvunjaji wa mwiko bila mwiko kuvunjwa.

Zaidi ya hayo, wakati uliochaguliwa kufichua ukweli wa hundi una maana kubwa. Hundi inathibitika baada ya mapenzi kukomaa na kabla mapenzi hayo hayajajaribiwa. Filamu haimfikishi Judy mahali pa kuamua iwapo angeolewa na mhudumu wa kweli, asiye na ukoo wala picha za kuuza. Swali lililoigharimu familia ya Courtney miaka mingi ya maumivu linafungwa kwa karatasi ya benki. Si bahati tu kwamba karatasi hiyo inatoka Marekani. Katika mwaka ambao taifa zima liliishi likitegemea mkopo wa Marekani na kuhofia kwamba fedha zitakauka, futuhi inayohitimishwa kwa hundi ya Marekani iliyo halali iligusa tumaini ambalo watazamaji walilielewa bila kuelezwa.

4.0 Usemi Unaofichua

Kama mtumishi ni wa bandia, ni nini kinachomfichua? Mavazi yake ni sahihi: sare, glavu na sinia. Kazi yake anaifanya vya kutosha. Kinachomtia Judy shaka ni mwenendo wake, na kiini cha mwenendo huo ni namna anavyozungumza: wepesi wa majibu, utulivu wa sauti na lafudhi ambayo watazamaji wa wakati huo waliitambua mara moja kuwa ya shule za wakubwa. Wilding haigizi lafudhi ya mtumishi. Futuhi nzima inategemea pengo kati ya kile kinachoonekana na kile kinachosikika.

Suala hili lilikuwa hai katika jamii. Katika tamthilia ya Pygmalion ya George Bernard Shaw, ya mwaka 1913, iliyofanywa filamu mwaka 1938, muuza maua anafundishwa matamshi hadi anadhaniwa kuwa mtu wa jamii ya juu. Shaw alitaka kuonyesha kwamba usemi ni kitu kinachojifunzwa, na kwa hiyo tabaka pia ni la kubuniwa. Spring in Park Lane inaelekea upande wa pili. Hapa usemi haujifunzwi wala hausahauliki. Ni sehemu ya mtu. Wakati wa vita, shirika la utangazaji la BBC lilijaribu kulegeza kamba kidogo: mwaka 1941 lilimweka Wilfred Pickles, mwenye lafudhi ya Yorkshire, kusoma habari za taifa, jambo lililozua mjadala miongoni mwa wasikilizaji. Kufikia 1948 lafudhi ya tabaka la juu bado ilikuwa ndiyo sauti ya mamlaka, lakini haikuwa tena jambo lisilohojiwa.

Mwaka 1954 mwanaisimu Alan Ross, profesa wa Chuo Kikuu cha Birmingham, alichapisha katika jarida moja la isimu la Finland makala iliyodai kwamba tabaka la juu la Uingereza halikutofautishwa tena na utajiri, elimu wala usafi, bali na lugha peke yake. Orodha zake za maneno yanayotumiwa na wakubwa na yale yanayoepukwa nao zilienezwa mwaka uliofuata na mwandishi Nancy Mitford, zikawa gumzo la taifa. Inafaa kuiweka Spring in Park Lane kama utangulizi wa kisanaa wa hoja hiyo ya kiisimu. Richard hana fedha, hana nyumba yake, na kwa siku nyingi hana hata nguo za tabaka lake. Kilichobaki ni usemi, na usemi huo unatosha kumrejesha mahali pake.

Kwa mtazamo wa isimujamii, filamu inawasilisha itikadi yenye pande mbili. Kwa upande mmoja, inawafariji waliopoteza mali: kodi na mauzo ya urithi haviwezi kuwanyang'anya uungwana wao. Kwa upande wa pili, inawapa watazamaji wa kawaida cheo cha ujuzi. Mtu wa Leeds au Glasgow aliyeketi katika kiti cha bei nafuu alimtambua Richard kuwa mwana wa wakubwa kabla ya Joshua Howard, tajiri aliyemwajiri. Masikio yake yalikuwa makali kuliko ya tajiri huyo. Raha ya futuhi hii ilikuwa pia raha ya kuwa mjuzi wa lugha ya nchi yako.

Nafasi ya Judy katika hali hii ni ya pekee. Yeye ni ndugu wa tajiri, lakini pia ni mwajiriwa wake. Anakaa kati ya sebule na ofisi, anapokea maagizo na kuyatoa. Kwa kuwa anajua pande zote mbili, ndiye anayesikia kwamba sauti na sare haviendani.

5.0 Jumba Ambalo Halikuwapo Tena

Kinaya kingine kimo katika jina la filamu. Park Lane ya majumba ya wakubwa ilikuwa imekwisha kutoweka kwa kiasi kikubwa. Dorchester House ilibomolewa mwaka 1929, na mahali pake pakajengwa hoteli iliyofunguliwa mwaka 1931. Grosvenor House nayo ilibomolewa katika miaka ya 1920 na kuwa hoteli. Watumishi nao walikuwa wakipotea. Sensa ya mwaka 1931 ilihesabu wanawake takriban milioni 1.3 waliokuwa watumishi wa ndani huko England na Wales. Vita viliwapeleka wengi viwandani, maofisini na jeshini, na wengi wao hawakurudi. Mwaka 1946 serikali iliunda taasisi ya kitaifa ya kutoa mafunzo na hadhi kwa wafanyakazi wa nyumbani, kwa matumaini ya kuwavutia tena.

Kwa hiyo mtazamaji wa 1948 hakuwa akitazama maisha ya jirani zake matajiri. Alitazama nyumba ya kumbukumbu. Wanawake wengi waliokuwa wamewahi kubeba sinia katika nyumba za namna hiyo walikuwa sasa wameketi gizani wakimwangalia mwana wa mwinyi akilibeba. Hapa kicheko kina ukali ambao muhtasari wa kisa hauudokezi. Mtu aliyewahi kutumikia anaona kazi yake ya zamani ikifanywa na mtu wa tabaka la waliotumikiwa, tena mtu anayelazimika kuifanya kwa sababu amekosa nauli.

Pamoja na hayo, watumishi wa kweli wa jumba la Howard wanabaki pembeni ya hadithi. Wanatoa vichekesho na kumzingira Richard, lakini hakuna anayeondoka pale akiwa katika hali tofauti na ile aliyoingia nayo. Mlango unaofunguka kwa mhudumu wa bandia hauonekani kuwahusu.

Muziki na dansi vinaisaidia filamu kuficha jambo hili. Katika onesho la ndoto, wapenzi hao wanacheza dansi kwa mwendo wa polepole, mbali na sinia na kengele za kuitia watumishi. Ndoto ndiyo sehemu pekee ambapo tabaka halina uzito kabisa. Kwa kuiweka katika ndoto, filamu inakiri kimyakimya kwamba usawa wa namna hiyo haukaliki ndani ya nyumba.

6.0 Maytime in Mayfair: Kutoka Sebuleni hadi Dukani

Mwaka 1949 Wilcox, Phipps, Neagle na Wilding walirudi na Maytime in Mayfair, safari hii kwa rangi, na kwa muziki mwingi zaidi. Wilding anaigiza mtu asiye na kazi wala fedha anayerithi duka la mavazi ya kifahari. Neagle ni msimamizi anayeijua kazi. Mapenzi yao yanaenda sambamba na ushindani dhidi ya duka jirani, hasa siri za mitindo yao zinapovuja. Filamu ilitokea wakati kuponi za nguo zilikuwa zimeondolewa Machi mwaka huohuo, na mavazi yenyewe yakawa sehemu ya onesho.

Mabadiliko ni ya kuzingatiwa. Mwungwana wa 1948 anajifanya mtumishi. Mwungwana wa 1949 ni mfanyabiashara, na mwanamke ndiye mwenye ujuzi. Hata hivyo, mpangilio wa msingi ni uleule: mwanamume mwenye usemi mzuri na mfuko mtupu anasamehewa uzembe wake kwa sababu ya haiba yake. Filamu nyingine ya 1949, Passport to Pimlico ya studio ya Ealing, ilishughulikia mgawo moja kwa moja kwa kuwaonyesha wakazi wa mtaa wa kawaida wakijitenga na Uingereza ili kuukwepa. Ealing waliifanya shida yenyewe kuwa kichekesho. Wilcox aliichekesha hofu iliyokuwa chini ya shida hiyo, yaani hofu ya kutojua nani atakuwa nani katika nchi mpya.

7.0 Hitimisho

Makala hii imeonyesha kwamba umaarufu wa Spring in Park Lane hauelezwi na ufahari wake pekee. Filamu ilikuja baada ya nyingine iliyoonyesha kwamba ndoa ya bwana na mtumishi ina gharama, na ikaifuta gharama hiyo kwa kumbadili mtumishi. Ilitumia usemi kama alama ya uungwana isiyofutika, miaka 6 kabla ya mwanaisimu kulitolea jambo hilo maelezo ya kitaaluma. Tena iliwapa watazamaji wa tabaka la chini raha mbili zinazopingana: kumwona mwana wa wakubwa akibeba sinia, na kuhakikishiwa kwamba hatalibeba milele.

Kwa hiyo, si sahihi kuiita filamu ya kukimbia hali halisi. Iliitazama hali hiyo, ikaichagulia swali moja, kisha ikalizuia swali hilo lisijibiwe. Hundi ilipothibitika kuwa halali, sare ilivuliwa, na Judy hakuhitaji tena kusema kama angempenda Richard aliyebaki kuwa mhudumu.